Mtoto Mwenye Jasho la Chumvi: Utambuzi wa Sistiki Faibrosisi katika Njia ya Rufaa ya Kanombe

Mada hii inahusu njia anayopitishwa mtoto anayekohoa kwa miezi na miaka bila kupona, asiyenenepa ingawa anakula, hadi pale daktari anapoanza kushuku kwamba huenda ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoufanya ute wa mwilini kuwa mzito kupita kiasi na kuziba mapafu, kongosho na mirija mingine. Mahali panapotumika kama mfano ni Kanombe, katika Wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, ambako Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya askari na familia zao, leo ni miongoni mwa hospitali za rufaa za taifa na hupokea raia pia. Hoja inayotetewa ni kwamba ugonjwa huu nchini Rwanda hauonekani kwa sababu hautafutwi, na kwamba kipimo kinachoweza kuutoa mafichoni ni cha miaka mingi na wala hakihitaji kumchoma mtoto sindano: ni kipimo cha jasho.

Jina na asili ya ugonjwa

Jina lenyewe ni kikwazo cha kwanza. Madaktari wa Rwanda waliosomea kwa Kifaransa huuita mukovisidozi, yaani ugonjwa wa ute unaonata. Wale waliosoma baada ya Kiingereza kufanywa lugha ya kufundishia mwaka 2008 husema sistiki faibrosisi, jina lililotokana na vivimbe na makovu ambayo daktari wa Marekani, Dorothy Andersen, aliyaeleza mwaka 1938 baada ya kuchunguza kongosho za watoto waliokufa. Na Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, hakijaupa ugonjwa huu jina lake. Ugonjwa usio na jina katika lugha ya mzazi ni vigumu kuulizwa habari zake, na huenda hilo peke yake likaeleza sehemu ya ukimya uliopo.

Chanzo chake kinajulikana vizuri. Jeni ni agizo la kurithiwa linaloueleza mwili namna ya kuunda protini fulani, na jeni inayohusika hapa, iitwayo CFTR, ipo katika kromosomu ya 7. Ilitambuliwa mwaka 1989 na watafiti walioongozwa na Lap-Chee Tsui na John Riordan wa Toronto pamoja na Francis Collins wa Michigan. Protini inayotokana nayo hukaa kwenye kuta za seli kama lango la kupitisha kloridi, ambayo ni nusu ya chumvi ya kawaida. Lango likiharibika, chumvi na maji havipiti inavyotakiwa, ute wa mapafuni hukauka na kuwa kama gundi, bakteria kama Staphylococcus aureus na baadaye Pseudomonas aeruginosa hupata makao ya kudumu, na vimeng'enya vya kongosho, yaani vitu vinavyosaga chakula, hushindwa kufika utumboni.

Mtoto huugua pale tu anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wote wawili ni wabebaji wa kasoro moja moja na ni wazima kabisa. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kumzaa mtoto mgonjwa. Jambo hili linafaa kusemwa mbele ya pande zote mbili za ukoo, kwa sababu mahali pengi lawama za mtoto asiyekua humwangukia mama peke yake, ilhali hesabu ya urithi hapa haimtofautishi baba na mama hata kidogo.

Majina manne yanayotangulia

Kabla ya kufika Kanombe, mtoto wa namna hii huwa ameshapewa majina mengine, na kwa Kinyarwanda majina hayo aghalabu ni manne: umusonga, igituntu, bwaki na amarozi. Kila moja lina mantiki yake, na ni kosa kuwacheka waliolitoa.

Umusonga ni nimonia. Washauri wa afya wa vijijini, abajyanama b'ubuzima, wamefundishwa kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi na kumpa amoksisilini anapopumua kwa kasi, na kazi hiyo imeokoa watoto wengi. Mtoto mwenye sistiki faibrosisi naye hupata nafuu kidogo kwa dawa hiyo, kisha hurudi baada ya wiki kadhaa, mara kwa mshauri yule yule, mara kituo cha afya, mara hospitali ya wilaya, na kila mara hutibiwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Hakuna aliyekosea katika tukio lolote moja. Kinachokosekana ni mtu wa kuyahesabu matukio yenyewe.

Igituntu ni kifua kikuu. Mtoto mdogo hawezi kutema makohozi ya kupimwa, kwa hiyo mara nyingi uamuzi hufanywa kwa dalili na picha ya eksirei, na picha ya pafu lililozibwa na ute na kupanuka mirija yake yaweza kumpeleka daktari moja kwa moja kwenye dawa za kifua kikuu za miezi kadhaa. Mtoto anayemaliza dawa hizo bila kubadilika, hasa ambaye bakteria wa kifua kikuu hawakuwahi kuonekana kwake na hakuna mgonjwa wa ugonjwa huo nyumbani, anastahili swali jipya badala ya duru ya pili ya dawa zile zile.

Jina la tatu ndilo linalopotosha zaidi, na linahitaji kufafanuliwa. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa 2019–20 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Katika nchi ambako mtoto mmoja kati ya watatu alionekana kuwa mfupi kuliko umri wake, mtoto mmoja zaidi aliyekonda hamshtui mtu. Tena mtoto mchanga mwenye sistiki faibrosisi huweza kupoteza protini kiasi cha kuvimba miguu na uso, jambo linalofanana kabisa na bwaki, utapiamlo wa kuvimba. Tofauti, inapokuwepo, iko kwenye sahani na kwenye kinyesi. Mtoto wa bwaki kwa kawaida hana hamu ya kula na hununa akipewa uji. Huyu mwingine hula kwa pupa, humaliza chake na kuomba cha ndugu yake, lakini uzito haupandi. Choo chake ni kingi, hung'aa mafuta, huelea juu ya maji, hunuka kupita cha watoto wengine, na mama anayefua nepi za kitambaa hulalamika kwamba doa la mafuta haliishi hata kwa sabuni. Maelezo hayo mama huwa nayo siku zote. Hayaandikwi kwa kuwa haulizwi.

Kuhusu amarozi, yaani sumu au uchawi, inatosha kusema kwamba ukoo unapoona mtoto mmoja akinyauka kati ya ndugu wazima, huku hospitali ikishindwa kutoa jina, dhana ya kurogwa hujaza nafasi iliyoachwa wazi. Mganga wa kienyeji hapo anashindana na ukimya wa hospitali, wala hashindani na sayansi.

Kipimo cha jasho

Katika joto kali lililoikumba New York mwaka 1948, madaktari waliona kwamba miongoni mwa watoto waliofikishwa hospitali wakiwa wameishiwa maji, wenye sistiki faibrosisi walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 1953 daktari Paul di Sant'Agnese na wenzake walichapisha ushahidi kwamba jasho la watoto hao lina chumvi nyingi mno. Sababu yake ni ile ile ya lango. Jasho huanza likiwa na chumvi chini ya tezi, na linapopanda kwenye mrija wake kuelekea kwenye ngozi, mwili huirudisha chumvi hiyo ndani. Lango la kloridi lisipofanya kazi, chumvi hubaki na kutoka nje. Wazazi huigundua kwa midomo wanapombusu mtoto, au kwa macho wanapoona vumbi jeupe kwenye paji la uso na kwenye ukingo wa kofia. Kigali, iliyo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haina joto la Mombasa, na dalili hiyo yaweza kujificha. Hata hivyo mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kitambaa mchana kutwa hutoka jasho la kutosha, na swali kwa mama halina gharama.

Utaratibu wa kupima ulioenezwa na Gibson na Cooke mwaka 1959 ndio unaotumika hadi leo. Mkono wa mtoto husafishwa, vipande viwili vidogo vyenye dawa ya pilokapini, inayochochea tezi za jasho, hufungwa kwenye ngozi, na mkondo hafifu wa umeme hupitishwa kwa dakika 5 hivi, ambao mtoto huuhisi kama mchonyoto tu. Kisha ngozi huoshwa kwa maji yaliyotoneshwa na kukaushwa kabisa, kwa kuwa tone la maji lililobaki hulizimua jasho na alama ya chumvi ya kidole cha muuguzi huliongezea. Ndipo jasho hukusanywa kwa dakika 30 na kupelekwa maabara. Kloridi ya milimoli 60 kwa lita au zaidi inaunga mkono ugonjwa, chini ya 30 inaufanya usielekee kuwepo, na kati ya hapo ni eneo la mashaka linalodai kurudiwa kwa kipimo na kuchunguzwa kwa jeni.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika kwa daktari wa Afrika Mashariki kuliko mwenzake wa Ulaya. Utapiamlo mkali waweza kuipandisha kloridi ya jasho kwa mtoto asiye na sistiki faibrosisi, na uvimbe wa mwili waweza kuishusha kwa mtoto aliye nayo, maana yake ni kwamba hali ile ile inayoficha ugonjwa wodini huweza kuuficha au kuuzua maabarani. Kwa hiyo mtoto mwenye utapiamlo alishwe kwanza hadi uvimbe uishe, apimwe, kisha apimwe tena siku nyingine kabla ya familia kuambiwa jambo lolote la mwisho. Kipimo cha elastasi katika kinyesi, kinachoonyesha kama kongosho linafanya kazi, husaidia, ingawa nacho hushuka kwa uongo mtoto anapoharisha maji.

Jeni na orodha zilizoandikwa kwingine

Kuna imani kwamba kipimo cha vinasaba humaliza ubishi. Imani hiyo ina kasoro moja kubwa. Miongoni mwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya, badiliko moja la jeni liitwalo F508del hubeba takriban asilimia 70 ya kromosomu zenye ugonjwa, na vifaa vingi vya kupimia vya bei nafuu hutafuta orodha fupi ya mabadiliko ya namna hiyo. Orodha hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Mwafrika. Kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini, badiliko liitwalo 3120+1G>A ndilo lililoonekana katika karibu nusu ya kromosomu, kama ilivyochapishwa mwaka 1999.

Rwanda ina ushahidi wake yenyewe. Mwaka 2009, Profesa Leon Mutesa na wenzake wa Rwanda, wakishirikiana na wataalamu wa Ubelgiji akiwemo Vincent Bours wa Liège, walichapisha katika jarida la Chest uchunguzi wa watoto 60 wa Rwanda wenye dalili zinazofanana na sistiki faibrosisi, ambao jeni yao ya CFTR ilisomwa kwa ukamilifu badala ya kutafutwa kwa orodha. Walikuta mabadiliko ambayo hayakuwa yameandikwa popote kabla ya hapo, katika CFTR na pia katika jeni za mfereji wa sodiamu, ambao hufanya kazi pamoja na lango la kloridi. Badiliko ambalo halijaandikwa popote haliwezi kuwa katika orodha ya mtu. Mtoto mwenye badiliko hilo akipimwa kwa orodha ya Ulaya ataandikiwa kuwa hana ugonjwa, na faili lake litafungwa. Ndiyo maana katika mada hii jasho linawekwa mbele ya jeni, na jeni inapochunguzwa, isomwe yote.

Faida ya kujua

Huulizwa kama kuna haja ya kutafuta ugonjwa usio na tiba ya kuung'oa. Jibu ni kwamba vimeng'enya vya kongosho vya kumeza pamoja na chakula, lishe yenye mafuta mengi, chumvi ya ziada, mazoezi ya kutoa makohozi na antibiotiki iliyochaguliwa kwa kuotesha makohozi hubadilisha maisha ya mtoto, na hakuna kati ya hayo linaloweza kuanzishwa bila utambuzi. Dawa mpya zinazoisaidia protini yenyewe, zilizoanza kutumika Marekani kwa wagonjwa wengi mwaka 2019, huuzwa huko kwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, bei isiyosemeka mbele ya mlipaji wa mituweli, bima ya afya ya jamii nchini Rwanda; lakini mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba ya sistiki faibrosisi katika orodha yake ya dawa muhimu, na mjadala wa bei umeanza kusogea. Dawa hizo, hata hivyo, huhitaji protini ya kuisaidia. Mtoto ambaye badiliko lake halimwachii protini yoyote hatarajiwi kunufaika nazo, na nchi isiyojua watoto wake wana mabadiliko gani haiwezi hata kuamua idai dawa ipi.

Wahudumu wanaofanya kazi katika vituo vya afya na hospitali za wilaya wanaombwa jambo moja tu. Mtoto aliyelazwa kwa nimonia mara ya tatu, au aliyemaliza dawa za kifua kikuu bila nafuu, au anayekula sana na kukonda, mama yake aulizwe kuhusu choo chenye mafuta na ladha ya chumvi kwenye paji la uso, majibu yaandikwe katika barua ya rufaa kwa maneno yake mwenyewe, na chini yake uongezwe mstari huu: kipimo cha jasho kinaombwa.