Duka la Simu na Mfanyabiashara Mdogo



Lipo wazo lililoenea kwamba kuuza bidhaa kwa njia ya intaneti ni kazi ya makampuni yenye mtaji mkubwa. Wazo hilo halina msingi. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya Jumia, yenye maduka ya mtandaoni katika nchi kadhaa za Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania. Wauza vitenge, viatu na sabuni waliokuwa wakitumia simu zao za mkononi waliendelea kuuza. Mwenye mtaji aliondoka, kabwela akabaki. Sababu kubwa ni gharama: kampuni hulipa pango, mishahara na matangazo kabla haijauza hata kitu kimoja, lakini mwenye simu hulipa kifurushi cha intaneti tu, na siku isiyo na mauzo haimdai kitu.

Nyenzo zenyewe zilikuja kidogo kidogo. Malipo ya M-Pesa yalianza nchini mwaka 2008. Tangu mwaka 2014 mitandao ikaanza kupokeana fedha. Na mwaka 2018 ikatokea WhatsApp Business, programu ya bure inayomwezesha muuzaji kupanga picha na bei za bidhaa zake. Basi la mikoani lilikuwapo tangu zamani.

Mathalani, mama anayesuka vikapu vya milulu mkoani Iringa akimwuzia mchuuzi wa jumla, mchuuzi ndiye apangaye bei. Akikipiga picha kikapu chake nje, mchana, kando ya kitu kinachojulikana ukubwa wake, mwalimu aliyeko Mwanza aweza kukiagiza, akalipa kwa Lipa Namba, na kukipokea kwenye ofisi ya vifurushi ya basi. Tena mama huyo hahitaji kusuka vikapu mia ndipo aanze. Asuke vitatu, aone kipi kinaulizwa, kisha aongeze.

Hapa hapana budi kukemea desturi moja. Wauzaji wengi huweka picha na kuficha bei, wakimtaka mteja aulize faraghani. Mnunuzi hushuku kwamba bei inapangwa kwa kumtazama mtu usoni, na mara nyingi hakosei. Aliye mbali hawezi kukigusa kitu. Kumnyima na bei ni kumfukuza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka muuzaji ajitambulishe na kumpa mnunuzi maelezo ya bidhaa na bei yake. Nauli ya kifurushi itajwe mbali, maana ndiyo izuayo ugomvi.

Lakini tatizo gumu kuliko yote ni nani atangulie. Mnunuzi huogopa kutuma fedha kwa mtu asiyemjua, na muuzaji huogopa kutuma mzigo usiolipiwa. Utapeli upo, na shilingi 30,000 zikipotea katika mshahara wa mwalimu si mzaha. Mjini, mteja aweza kulipa mzigo unapomfikia kwa bodaboda. Kwa mikoani, Lipa Namba ni afadhali kuliko namba ya mtu binafsi, kwa kuwa jina la biashara hutokea kabla ya mlipaji kuingiza namba ya siri. Jina lisipolingana na la duka, asilipe. Muuzaji naye aupige picha mzigo uliofungwa pamoja na risiti ya basi, aitume siku hiyo hiyo bila kungoja kuulizwa.

Jambo la mwisho ni kwamba jukwaa si mali ya muuzaji. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kwa takriban saa sita. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki. Siku kama hizo, mwenye namba za wateja katika daftari huweza kuwapigia simu ya kawaida; yule ambaye wateja wake wote wamo katika ukurasa wa mtandao hukaa akisubiri. Daftari la shule latosha: jina, namba, kitu kilichonunuliwa, tarehe na gharama ya kukituma. Na kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba hizo si za kugawa ovyo kwa muuzaji mwingine, hata akiwa jirani.