Vichochezi vya Ukuaji na Seli za Uzazi Kabla ya Mtoto Kuzaliwa

1. Utangulizi

Tunapofundisha uzazi, wengi wetu huanzia balehe. Mada hii inashikilia kwamba hapo tumeshachelewa. Akiba ya mayai ya msichana huwekwa angali tumboni mwa mama yake, na seli zinazoiweka haziwezi kujitegemea. Huteuliwa, husafiri na kuongezeka kwa ujumbe wa protini zinazotolewa na seli jirani. Protini hizo ndizo vichochezi vya ukuaji. Kila kichochezi hunasa kwenye kipokezi chake juu ya seli, na seli huarifiwa la kufanya: iishi, igawanyike, ihame au itulie.

2. Kuteuliwa

Mengi tunayoyajua yametoka kwa panya wa maabara. Siku ya 6 hivi ya mimba, kiinitete cha panya hakina bado seli ya uzazi hata moja. Tishu inayopakana nacho, ambayo baadaye huchangia kondo la nyuma, hutoa kichochezi kiitwacho BMP4. Seli chache zilizo jirani huitikia, na siku ya 7 huwa zimepatikana kama 40 tu. Mwaka 1999 Kirstie Lawson na wenzake walionyesha kwamba kiinitete kisicho na jeni ya BMP4 hakipati seli za uzazi kabisa. Chenye nakala moja ya jeni badala ya mbili hupata pungufu. Basi kuwapo kwa kichochezi hakutoshi. Kiasi chake nacho kina uzito.

3. Safari

Seli hizo huanzia mbali na makao yao. Kwa binadamu, mnamo wiki ya 4 huonekana kwenye ukuta wa kifuko cha kiini. Kutoka hapo hupitia utumbo unaoumbika hadi kwenye matuta yatakayokuwa ovari au korodani, na nyingi huwasili mnamo wiki ya 6. Njiani uhai wao hutegemea kichochezi cha seli shina, kinachonasa kwenye kipokezi KIT. Katika panya, seli iliyopotea njia na kukikosa kichochezi hicho hujifia.

Mtazameni panya mwenye hitilafu kwenye jeni ya KIT: manyoya meupe, macho meusi, damu pungufu, na ni tasa. Hitilafu ni moja, kwa kuwa seli za rangi, seli shina za damu na seli za uzazi zote hutumia kipokezi hichohicho. Mwaka 1957 Beatrice Mintz na Elizabeth Russell walichunguza viinitete vya panya wa aina hii. Walikuta seli za uzazi zimeanza vizuri, lakini zimeshindwa kuongezeka.

4. Ndani ya ovari na korodani

Zikishafika, njia hugawanyika. Katika korodani ya kijusi cha panya, kichochezi FGF9 husaidia kuzizuia zisiingie kwenye meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu na mayai, na hatua hiyo husubiri hadi baada ya kuzaliwa. Katika ovari, meiosisi huanza tumboni. Kabla ya hapo seli huongezeka kwa kasi, na mwaka 2004 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba kichochezi aktivini husaidia seli za ovari ya kijusi cha binadamu kuishi na kuongezeka. Mwezi wa 5 wa mimba hufikia karibu 7,000,000. Kisha nyingi hufa, na mtoto huzaliwa akiwa na kati ya 1,000,000 na 2,000,000.

5. Ushahidi wa maabara

Mwaka 2011, huko Kyoto, Katsuhiko Hayashi, Mitinori Saitou na wenzao walitumia BMP4 pamoja na vichochezi vingine kugeuza seli shina za panya kuwa seli changa za uzazi. Walizipandikiza kwenye korodani za panya wachanga wenye hitilafu ile ya KIT. Mbegu zilizopatikana zilirutubisha mayai, na watoto wakazaliwa wazima.

6. Maana yake kwetu na mapendekezo

Mama anayefika kliniki kwa mara ya kwanza mwezi wa 5, akiwa na mimba ya binti, anafika wakati hesabu ya mayai ya binti huyo iko kileleni. Kuteuliwa na kusafiri kwa seli vimekwisha zamani. Madhara ya mapema yanawezekana: mwaka 2010 watafiti wa Denmark walikuta seli za uzazi pungufu katika viinitete vya akina mama wanaovuta sigara.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa biolojia waanze somo la mayai kwenye wiki ya 4 ya kiinitete. Pili, wakunga na wauguzi wawaeleze wanawake habari za tumbaku kabla hawajashika mimba. Tatu, tunapohimiza mama awahi kliniki ndani ya wiki 12, tumwambie wazi kwamba ulinzi huo unaweza kuwafaa pia wajukuu wake.