Majirani wa Aktiki na Vipimo vya Hali ya Hewa

Mwezi Machi mwaka 2022, nchi saba kati ya nane zinazounda Baraza la Aktiki zilitangaza kwamba zinasimamisha ushiriki wao katika vikao vya Baraza hilo. Nchi ya nane, Urusi, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ikishika uenyekiti, ilikuwa imekwisha kuingiza majeshi yake Ukraine siku chache kabla. Tangu hapo Ufini na Uswidi nazo zimejiunga na NATO, na sasa nchi zote saba zimo katika mkataba mmoja wa kijeshi unaoikabili Urusi ng'ambo ya mpaka na ng'ambo ya barafu.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halikukatika. Vituo vya Urusi vilivyotapakaa katika pwani ndefu ya Siberia viliendelea kupima upepo, baridi na mgandamizo wa hewa, na kutoa hesabu zake kwa ulimwengu kwa njia ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Vituo vya Norwei, Kanada na Marekani navyo viliendelea kufanya vivyo hivyo.

Sababu yake si mapenzi. Saa 9 usiku na saa 9 alasiri, kwa saa za Afrika Mashariki, vituo vya hali ya hewa duniani hurusha puto zenye vyombo vya kupimia, takriban kwa wakati mmoja. Saa ambayo askari aliyeko lindoni Mtwara anapambana na usingizi ndiyo saa ambayo mpimaji wa Norwei katika kisiwa cha Bjørnøya anaachia puto lake angani. Thamani ya vipimo hivyo imo katika kupimwa pamoja. Puto la nchi moja humweleza mtabiri hali ya anga juu ya nchi hiyo tu, lakini tufani ya keshokutwa mara nyingi imo bado katika anga ya jirani.

Katika Aktiki puto hizo ni chache, kwa kuwa katikati yake ni bahari iliyofunikwa na barafu. Setelaiti zinazotulia juu ya Ikweta haziwezi kuiona Ncha ya Kaskazini vizuri, na zile zinazopita juu ya ncha hupata taabu kupambanua wingu na barafu, maana vyote viwili ni vyeupe na vya baridi. Majaribio yaliyofanywa na kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya yameonyesha kwamba vipimo vya Aktiki vikiondolewa katika hesabu, utabiri huharibika huko Aktiki, na hata katika nchi zilizo mbali kusini yake.

Wazo la kupima kwa pamoja lilitoka kwa mwanajeshi. Karl Weyprecht, luteni wa Jeshi la Maji la Austria-Hungaria, alinaswa na barafu pamoja na meli yake tangu mwaka 1872 hadi wakalazimika kuiacha mwaka 1874. Aliporudi alisema waziwazi kwamba mashindano ya mataifa ya kufika kaskazini zaidi yalikuwa na faida ndogo kwa elimu. Kilichohitajika ni vituo vya mataifa mbalimbali vinavyopima mambo yale yale kwa saa zile zile. Alifariki mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kuanza kwa Mwaka wa Kwanza wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, ambao ulishirikisha nchi zaidi ya 10.

Kituo cha Marekani cha mpango huo kiliongozwa na Luteni Adolphus Greely wa Jeshi la Nchi Kavu. Alikwenda na watu 25, yeye mwenyewe akiwamo, hadi kisiwa cha Ellesmere. Meli ya kuwapelekea chakula mwaka 1882 ilizuiwa na barafu. Ile ya mwaka 1883 ilipondwa ikazama. Wakaondoka kuelekea kusini kwa mashua, nao hawakuyaacha madaftari yao ya vipimo. Waliendelea kupima na kuandika hata njaa ilipokuwa ikiwaua mmoja mmoja. Waokoaji walipowafikia mwezi Juni mwaka 1884 walikuta watu saba walio hai, na mmoja wao akafa baadaye. Madaftari yalisalimika. Wanasayansi wa leo huyatumia kulinganisha baridi ya wakati ule na ya sasa, ambapo Aktiki imekuwa ikiongezeka joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979.

Vita ndivyo vilivyoonyesha gharama ya kunyimana habari. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Norwei, ingawa haikupigana, ilikatiwa simu za hali ya hewa kutoka Uingereza. Profesa Vilhelm Bjerknes wa mjini Bergen akalazimika kusambaza wapimaji wengi kandokando ya pwani yao. Kutokana na vipimo hivyo wataalamu wake waligundua mpaka unaotenganisha hewa baridi na hewa ya joto, wakaupa jina la mstari wa mbele wa vita. Katika Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilituma vikosi vya siri katika visiwa vya Svalbard kupima hewa tu. Kimoja, chenye watu 11, kilijisalimisha kwa nahodha wa meli ya wawinda sili wa Norwei tarehe 4 Septemba 1945, karibu miezi minne baada ya Ujerumani yenyewe kusalimu amri. Watu hao wanahesabiwa kuwa askari wa mwisho wa Ujerumani kuweka silaha chini, na kazi yao ilikuwa barometa.

Ushirikiano wa karibuni ulifika mbali. Mwaka 2018, katika mpango wa utabiri wa ncha za dunia, vituo kadhaa viliongeza puto kutoka mbili hadi nne kwa siku. Mwaka uliofuata meli ya Ujerumani, Polarstern, iliachwa makusudi igandishwe katika barafu na kuelea nayo, ikiwa na wataalamu wa nchi 20. Meli za Urusi za kuvunja barafu ndizo zilizoipelekea watu na shehena.

Sasa unapangwa Mwaka wa Tano wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, utakaokuwa mwaka 2032 hadi 2033, na wapangaji hawana uhakika wa msaada wa namna hiyo. Huko kusini, Mkataba wa Antaktika wa mwaka 1959 unakataza shughuli za kijeshi, lakini unaruhusu askari na zana zao kutumika kwa utafiti. Uingereza na Argentina zilipopigana mwaka 1982, zote mbili zilibaki ndani yake. Aktiki haina mkataba kama huo. Kuna Baraza, ambalo kamati zake za kazi zilikubaliwa mwaka 2024 kuanza tena kukutana kwa njia ya video, na kuna desturi ya kupeana vipimo. Zaidi ya nusu ya pwani ya bahari hiyo ni ya Urusi, na ramani ya hewa ya mwaka 2032 isiyokuwa na vituo vya pwani hiyo itakuwa na pengo kutoka mpaka wa Norwei hadi mlango bahari wa Bering.