Redio Imenyamaza: Tufuate Njia ya Sauti

Leo hatutazungumza juu ya migomba wala kahawa. Tutazungumza juu ya chombo kile kile kinachotuletea masomo haya, yaani redio. Na hasa redio kubwa ya nyumbani, ile yenye spika mbili zilizofungwa kwa nyaya, moja kulia na moja kushoto.

Tuseme ni jioni huko Kamachumu, wilaya ya Muleba. Mvua imekatika, watu wamekwisha kula, na baba mwenye nyumba anataka kusikia matangazo ya vifo, maana ana jamaa aliye mgonjwa sana. Anabonyeza kitufe. Taa ya redio inawaka, lakini hakuna sauti. Kijana wake anakimbilia kisu ili aifungue. Jirani anasema, "Hiyo imeungua, nunua nyingine." Baba naye anasema kesho ataipakia kwenye bodaboda, impeleke kwa fundi Bukoba mjini. Je, ni nani kati yao aliyesema vema? Hakuna hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyepeleleza.

Pengine utasema redio ni kitu cha starehe tu. Sivyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wengi katika Tanzania walikaa katika vikundi kuzunguka redio moja, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Ardhi ilipotetemeka Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, kwa kipimo cha 5.9, watu walihitaji habari za kweli, wala si uvumi. Na mvuvi wa kisiwa cha Bumbire anayesikia onyo la upepo mkali hubaki pwani. Asiyesikia huenda akaingia ziwani. Kwa hiyo redio ikinyamaza, yafaa tujue la kufanya.

Sikilizeni basi neno kubwa la somo hili: sauti ina njia yake, kama maji ya bomba. Maji yakikatika hufukui bomba zima. Unatazama tangi, kisha koki, kisha mpira. Vivyo hivyo na sauti. Huanza na umeme, ikaja kwenye chanzo chake, ikapita kwenye vitufe, ikaenda kwenye nyaya, ikatokea kwenye spika. Tufuate njia hiyo hatua kwa hatua, na kila mara tubadili kitu kimoja tu. Ukibadili vitu vitatu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichoponya.

Hatua ya kwanza ni umeme. Ikiwa taa ya redio haiwaki kabisa, chomeka taa ya mezani katika soketi ile ile. Taa nayo isipowaka, kosa si la redio. Ikiwaka, tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi. Kwa redio, fyuzi ya ampea 3 yatosha. Tena nawasihi sana: fyuzi ikikatika msiweke mahali pake kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi ni mlinzi wa nyumba. Ukimwondoa mlinzi, moto utaingia bila kubisha hodi.

Anayetumia betri ya sola ya volti 12 aipime. Betri ya kawaida ya asidi, iliyojaa na kupumzika, huonyesha karibu volti 12.7, ikishuka hadi 11.8 imekaribia kwisha. Taa ndogo ya redio huweza kuendelea kuwaka, maana inakula umeme kidogo, lakini sauti hufifia na kukatika. Na kama redio yako uliletewa na ndugu kutoka Marekani au Japani, soma nyuma yake kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa volti 120 au 100, haifai kuchomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230. Hapana budi ipitie kwenye transfoma.

Hatua ya pili ni chanzo. Redio inawaka, je, inasoma kitu gani? Huenda mtoto ameigeuza isome flashi au simu, wakati wewe unangoja taarifa ya habari. Irudishe kwenye FM. Ikinyamaza bado, jaribu kupiga muziki kutoka kwenye flashi au simu. Flashi ikilia, ujue spika ni nzima na nyaya ni nzima. Yaelekea kosa liko kwenye antena au kwenye kituo chenyewe. Hapo muulize jirani kama redio yake inakipata kituo hicho. Kumbukeni pia kwamba nchi yetu ya Bukoba na Muleba ina vilima virefu vilivyolala sambamba na ziwa, na mawimbi ya FM huenda karibu moja kwa moja, kama macho yaonavyo. Nyumba iliyo bondeni nyuma ya kilima yaweza kukosa kituo ambacho nyumba ya juu inakisikia vizuri. Dawa yake ni kuinua antena, si kumlipa fundi.

Hatua ya tatu ni vitufe. Msicheke, maana redio nyingi hupelekwa kwa fundi zikiwa nzima, kwa sababu ya kitufe kimoja tu. Tazama kama sauti imefungwa kwa kitufe kilichoandikwa MUTE. Tazama kama spika za masikioni zimeachwa katika tundu lake, maana zikichomekwa, spika kubwa hunyamaza. Redio nyingine zina kitufe cha SPEAKERS chenye A na B. Ukichagua B na nyaya zako zimefungwa A, hutasikia kitu. Na redio za zamani zina kitufe cha TAPE. Kikibonyezwa, redio hungoja sauti kutoka kwenye mashine ya kanda ambayo pengine haipo nyumbani kwako.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kama kabla ya kunyamaza redio yako ilikuwa ikikwaruza kila ulipozungusha kitufe cha sauti, basi vumbi na unyevu vimeingia ndani ya kitufe hicho. Sisi wa karibu na ziwa twaujua unyevu. Izime redio, uzungushe kitufe mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Mara nyingi sauti hurudi. Isiporudi, fundi ana dawa maalum ya kupuliza. Msitie mafuta ya taa wala mafuta ya kupikia.

Hatua ya nne ni nyaya na spika. Kwanza zima redio na uchomoe plagi. Kisha tazama kila waya nyuma ya redio na nyuma ya spika. Umechomoka? Umetafunwa na panya? Je, uzi mmoja mwembamba wa waya umegusa waya wa pili? Redio nyingi zina kinga ndani yake: nyaya zikigusana, redio hujifunga isiungue, na pengine huandika neno PROTECT. Redio za namna hii zikiwa nzima, baada ya kuwashwa husikika mlio mdogo, "tik", kisha sauti hufunguka. Kama hausikii mlio huo, zima, chomoa plagi, ondoa nyaya zote za spika, kisha washa tena. Mlio ukisikika sasa, kosa liko kwenye nyaya au spika. Usiposikika bado, kosa liko ndani ya redio.

Ikiwa upande mmoja unalia na mwingine umenyamaza, zima redio na ubadilishane spika: ya kulia ipeleke kushoto, na ya kushoto kulia. Washa. Kama unyamavu umehama pamoja na spika, spika ndiyo mgonjwa, au waya wake. Kama unyamavu umebaki upande ule ule, mgonjwa ni redio. Mnaona, ndugu? Bila chombo cha kupimia, mmekwisha jua jambo ambalo wengine hulilipia fedha.

Kuna na kipimo kingine. Chukua betri kavu moja ya volti 1.5, kama ya tochi. Ondoa kabisa nyaya za spika kwenye redio, kisha gusisha ncha zake mbili kwenye betri kwa nukta moja tu. Spika nzima itasema "krak". Isiposema, spika imekatika ndani, au waya umekatika.

Hatua ya tano ni ya fundi. Ukifika hapa bila kupata kosa, weka bisibisi chini. Ndani ya redio ya umeme kuna kapasita, ambazo hutunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo waweza kumtupa mtu chini, na waweza kumwua. Kisu cha yule kijana wa Kamachumu kingeweza kuleta msiba pale ambapo baba alikuwa akisikilizia msiba wa mwingine.

Unapokwenda kwa fundi, usimwambie tu, "Imekufa." Mwambie, "Taa inawaka, flashi na FM zote hazilii, nimebadilisha spika, upande wa kushoto ndio ulionyamaza." Fundi mwema atafurahi, kwa kuwa umempunguzia kazi. Asiye mwema ataogopa kukudanganya.

Neno la mwisho ni juu ya radi, maana huku kwetu si ngeni. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa plagi, na uondoe waya wa antena ya nje. Fanya hivyo kabla dhoruba haijafika. Radi ikianza kupiga karibu, usishike nyaya tena. Redio hununuliwa, uhai haununuliwi.

Na yule baba wa Kamachumu? Tuseme amefuata njia ya sauti. Umeme upo. Chanzo ni FM. Lakini kitufe kinaonyesha B, maana asubuhi mtoto alikuwa akifuta vumbi. Anarudisha A, na matangazo yanasikika kabla hayajafika mwisho.

Sasa, katika vikundi vyenu, zungumzeni maswali haya. Kwa nini si vema kubadili vitu viwili kwa mara moja? Flashi ikilia na FM isilie, utatafuta kosa wapi? Ukibadilishana spika na unyamavu ukabaki upande ule ule, mgonjwa ni nani? Na katika nyumba yako, fyuzi ya plagi ya redio ni ya ampea ngapi? Swali hili la mwisho lijibiwe nyumbani: zima swichi, chomoa plagi, kisha ifungue uitazame.

Kwaherini, ndugu zangu, hadi somo lijalo.