UGONJWA WA KUAMBUKIZA NA HAKI YA MFANYI KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu)



Katika mkutano uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza: ugonjwa wa kuambukiza ukiingia tena nchini, na serikali ikitoa amri, sisi wafanyi kazi tutii au tukatae? Kelele zikawa nyingi. Wengine walisema mwenye busara hutii, na wengine wakasema hawatakubali kupigwa mara ya pili. Halmashauri ya tawi ikaona yafaa jambo hili lielezwe taratibu, kwa kuwa ugonjwa haupigi hodi. Mwezi wa Julai mwaka 2024 ugonjwa wa mpox ulipoonekana Kenya kwa mara ya kwanza, ulionekana katika mpaka wa Taveta, kwa mtu aliyekuwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Ndugu, hiyo ni njia yetu. Basi swali hili ni letu kuliko la watu wengine.

Kwanza tuangalie nyuma kidogo. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, mji wenyewe ukiwa bado mchanga. Wakubwa wa wakati ule waliamuru soko la Wahindi lichomwe moto, na likachomwa. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na panya hufuata takataka na maji machafu. Moto uliteketeza maduka, lakini moto hauchimbi mitaro. Katika miaka iliyofuata tauni ilirudi mjini. Hilo ni funzo la kwanza: amri yenye nguvu nyingi si lazima iwe dawa.

Sasa tuje katika mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, tangu saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Twasema wazi kwamba kuzuia watu wasisongamane lilikuwa jambo la maana, kwani ugonjwa ule ulipita kwa pumzi. Lakini siku hiyo hiyo, huko Likoni, Mombasa, watu waliotoka kazini wakingoja feri wavuke kwenda makwao walipigwa marungu na kutupiwa gesi ya machozi, na saa 1 yenyewe haijafika. Wakati ule hapakuwa na daraja la kuvukia kwa miguu. Mtu aliyefunguliwa na tajiri wake saa 11 jioni angepita wapi ila ferini? Wakasukumwa pamoja, wakakohoa pamoja, wakajipangusa macho kwa mikono michafu. Kama ungetafuta njia ya kueneza ugonjwa wa pumzi, usingepata iliyo bora kuliko hiyo.

Wala si Likoni peke yake. Kufika mwanzo wa mwezi wa Juni, mamlaka inayochunguza kazi ya polisi ilikuwa imepokea malalamiko ya vifo 15 vilivyohusishwa na polisi katika kazi ya kafyu. Nairobi, mtaa wa Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwao, juu katika roshani ya nyumba. Tarehe 1 Aprili Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, aliwaomba wananchi radhi kwa mambo yaliyopita kiasi. Na mwezi huo huo wa Aprili Mahakama Kuu ikaamua kesi iliyoletwa na chama cha mawakili. Mahakama ilisema kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu za kupita kiasi walizotumia polisi si halali.

Tunawaomba mwishike hukumu hiyo. Ndani yake mna jibu la yule mwanachama wetu. Amri ni kitu kimoja na rungu ni kitu kingine. Tukizichanganya, tutamchukia daktari kwa makosa ya askari.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea katika jambo la karantini. Waliofika kutoka nchi za nje walipelekwa mahali pa kutengwa na kuambiwa walipe wenyewe. Siku 14 ziliweza kuongezwa, na gharama nazo zikaongezeka juu yake. Mwezi wa Aprili serikali ikasema wavunjao kafyu nao watapelekwa karantini. Ndugu, fikirini maana yake. Mahali pa kumhifadhi mgonjwa pakawa jela, na jela yenyewe ya kulipia. Watu wakaruka ukuta wakatoroka. Waliokuwa majumbani na kikohozi wakanyamaza, wasije wakachukuliwa. Mwezi wa Mei serikali ikatangaza kwamba gharama zitalipwa na serikali, na hilo lilikuwa jema, lakini hofu ilikuwa imekwisha ingia. Mtu akiogopa kupimwa, ugonjwa hupata mahali pa kulala.

Sasa tuseme habari za mpaka, ambazo kila mmoja wenu anazijua. Mwaka 2020, chakula, mafuta na dawa za nchi jirani zilipita juu ya magurudumu yetu. Watu wote walipoambiwa wakae nyumbani, sisi tuliambiwa tuendelee. Hakuna aliyetupigia makofi. Huko Malaba na Busia malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita, watu wakingoja majibu ya vipimo siku baada ya siku. Walilala chini ya trela, wakala katika vibanda vile vile, wakatumia kichaka kimoja kwa kukosa choo. Mtu aliyefika mzima angeweza kuupata ugonjwa hapo hapo foleni, akingoja karatasi ya kuonyesha kwamba hana. Kisha akivuka, wenye hoteli wanamfungia mlango wakimwita korona. Hesabu za wagonjwa zilisomwa kila siku, madereva wakitajwa kama kundi lao peke yao, na wananchi wakaamini kwamba ugonjwa umepakiwa katika lori.

Januari mwaka 2022 mambo yakafika mwisho. Uganda ilikuwa ikitoza dola 30 za Marekani kwa kumpima dereva mpakani. Madereva wakaegesha malori. Foleni ikarudi nyuma sana, na Uganda mafuta yakaadimika, hata bei ya petroli ikapita mara mbili katika sehemu nyingine. Kisha serikali ya Uganda ikaondoa malipo hayo. Tunataka mwangalie vizuri yaliyodaiwa. Shida ilikuwa gharama na kucheleweshwa. Dereva hakusema kwamba ugonjwa haupo. Madai ya namna hiyo mtu mwenye haki anaweza kuyasikiliza. Madai ya kwamba ugonjwa ni uwongo hayasikilizwi, na huzika watu.

Katika habari hizi hatuwezi kuwasahau wafanyi kazi wa hospitali. Wao waliambiwa ni mashujaa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 2020 wananchi walijaa hasira kwa habari za ununuzi wa vifaa vya korona katika shirika la serikali la dawa, KEMSA, na mwishoni mwa mwezi huo Rais aliamuru uchunguzi umalizike kwa siku 21. Mwezi wa Desemba daktari kijana wa miaka 28 akafa kwa korona, hajalipwa mshahara wake wa miezi kadhaa. Wauguzi na matabibu wakagoma, na madaktari nao wakafuata mwezi huo huo. Wako waliowalaumu, wakisema mgomo wakati wa maradhi ni ukatili. Sisi twauliza: ni nani mkatili, anayeomba glavu na bima kabla ya kumshika mgonjwa, au anayempeleka mikono mitupu?

Ndugu, hadi hapa tumesema makosa ya wengine. Haitakuwa haki tukinyamaza juu ya yetu.

Mwaka ule wa 2020 taniboi mmoja wa tawi letu alirudi kutoka mpakani, kifua kikimbana. Alipofika hapa ofisini, wengine wetu tulisimama mbali, na hilo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba hatukumtafutia mtu wa kumpelekea chakula, wala hatukumpigia simu. Tajiri wake alimwambia asirudi kazini mpaka apone, na siku hizo bila mshahara. Alikaa siku 3 tu, akapanda lori tena angali akikohoa, kwa sababu watoto walitaka kula. Tulijua, tukanyamaza. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini hatujui ni wangapi walioupata kwake. Tulipomwuliza baadaye alijibu, "Korona ingeniua labda. Njaa ingeniua kweli." Hatukuwa na la kumjibu.

Tena wako wenzetu walionunua vyeti vya uwongo ili wavuke upesi. Twawaelewa, lakini hatuwatetei. Cheti cha uwongo kimoja kilifanya vyeti mia vya kweli vitiliwe shaka, na kila dereva akapimwa upya.

Basi, jibu la swali ni hili. Tutatii amri ya kuzuia ugonjwa, na papo hapo tutadai haki zetu. Mambo hayo mawili hayagombani. Halmashauri yaleta mbele yenu mapendekezo haya, ili myajadili na kuyapigia kura:

1. Ugonjwa ukitangazwa, chama kiitwe katika mazungumzo kabla ya amri kutolewa, siyo baadaye. Mtu anayejua feri hujaa saa ngapi ni yule anayeipanda.

2. Kupimwa na kutengwa kwa ajili ya usalama wa watu wote kulipwe na watu wote, yaani hazina ya serikali. Mfanyi kazi asitozwe.

3. Matajiri walipe mshahara wa siku ambazo mfanyi kazi ameamriwa kukaa mbali na kazi. Hili liandikwe katika mkataba wetu ujao. Bila mshahara huo, amri ya kukaa nyumbani ni maneno matupu kwa mwenye watoto.

4. Mpakani kuwe na vyoo, maji na majibu ya vipimo ya upesi. Sabuni na maji havishindi bei ya mafuta yanayoteketea foleni.

5. Sisi wenyewe tuweke sanduku dogo la msaada katika tawi, na watu 2 wa zamu, ili mwanachama akiugua apelekewe chakula mlangoni. Anayejua kwamba hataachwa hatauficha ugonjwa wake.

Hilo la tano halingoji serikali wala tajiri. Twaweza kulianza leo kabla hatujatoka chumba hiki, na kofia itapita kati yenu kwa kazi hiyo.

Ndugu zetu, ugonjwa hauulizi kadi ya chama, lakini njaa na rungu huuliza mtu ni nani. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba wakati wa maradhi si wakati wa chama. Mwaka 2020 tulikuwa kila mtu peke yake chini ya trela yake. Ukija mwingine utukute pamoja.

Tumemaliza. Ndugu Mwenyekiti, twaomba wenye maswali wapewe nafasi, na wa kwanza awe yule aliyeuliza mkutano uliopita.