Tundu la Tatu Katika Soketi za Zamani



Kampuni za kwanza za umeme zilianzishwa Mombasa na Nairobi mwaka 1908. Nyumba nyingi zilizotiwa stima zamani hazikuwekewa waya wa ardhini, na soketi zake zilikuwa na matundu mawili tu. Mwenye nyumba akitaka kutumia pasi ya kisasa, humwita fundi amtilie soketi ya matundu matatu, kisha roho yake hutulia. Lakini je, nyuma ya tundu la tatu pana waya?

Kazi ya waya huo ni moja. Waya wenye moto ukilegea ndani ya pasi na kugusa bati lake, waya wa ardhini huupitisha umeme upesi hata fyuzi ikaungua na umeme ukakatika. Usipokuwapo, bati hubaki na volti 240, likimngoja mtu aliyesimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Basi tundu lisilo na waya ni hila: humwondolea mtu hadhari, lisimpe kinga.

Wako mafundi wanaounganisha tundu hilo na waya wa nyutro. Hilo ni baya zaidi, kwa kuwa nyutro ikikatika, bati hupata moto wakati huo huo.

Mwenye nyumba na amwite fundi mwenye leseni, apime kwa chombo, si kwa macho. Waya wa ardhini ukikosekana, utiwe, pamoja na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Gharama ipo, lakini uhai haununuliwi.