Keki ya Sanduku la Barafu

 Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya keki isiyookwa. Labda wengine wenu watacheka na kusema, "Chakula kisichoingia motoni kitaitwaje keki?" Kucheka huko si vibaya, maana swali hilo ndilo mlango wa mazungumzo yetu. Tukilijibu vema tutakuwa tumejifunza mambo matatu: asili ya keki hii, namna ya kuitengeneza, na jambo la tatu lililo kubwa kuliko hayo mawili, yaani usafi upasao chakula ambacho mpishi hakukipitisha motoni.

Keki hii ni ya Marekani, na jina lake latokana na chombo kilichokuwa katika nyumba nyingi za mijini huko kabla ya majokofu ya umeme kuenea. Chombo hicho kilikuwa sanduku la mbao lenye kuta mbili. Ndani lilibandikwa bati au zinki, na katikati ya kuta zile lilishindiliwa unga wa mbao, au kitu kingine kizuiacho joto. Juu liliwekwa bonge la barafu, na chakula kikawekwa chini yake. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Kwa hiyo ilishuka ikapoza chakula, na hewa ya joto ikapanda hata kufika kwenye barafu ikapozwa nayo. Barafu ikayeyuka kidogo kidogo, na maji yake yakatiririka katika sinia lililowekwa chini. Mtu wa nyumbani aliyesahau kumwaga maji hayo aliamka akakuta sakafu imelowa.

Barafu yenyewe ilitoka wapi? Katika majira ya baridi maziwa ya Marekani ya kaskazini huganda juu kama jiwe. Watu walikata mabonge kwa misumeno na kwa majembe maalumu yaliyokokotwa na farasi, wakayahifadhi ghalani katika unga wa mbao mpaka majira ya joto. Tena kulikuwako mfanyi biashara mmoja wa Boston, jina lake Frederic Tudor, ambaye mwaka 1806 alipakia barafu katika jahazi akaipeleka kisiwa cha Martinique, katika bahari yenye joto kama letu. Watu walimcheka. Walakini mwaka 1833 jahazi liitwalo Tuscany lilitoka Boston na tani 180 za barafu yake, likazunguka kusini mwa Afrika likafika Calcutta katika Bara Hindi, na baada ya miezi minne baharini zilikuwa zimesalia tani zipatazo 100. Sababu ya ajabu hiyo ni hii: kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu, yataka joto lililo karibu sawa na lile liwezalo kuchemua kilo moja ya maji kutoka baridi ya barafu hata digrii 80. Ndiyo maana barafu nyingi iliyofunikwa vema haiishi upesi.

Basi watu walipopata sanduku la baridi nyumbani, wakaanza kubuni vyakula viwezavyo kutengenezwa humo bila moto. Mwaka 1924 kampuni iliyoitwa National Biscuit Company ilianza kuuza biskuti nyembamba za kakao, na baadaye maelezo ya kufanya keki kwa biskuti hizo yakachapwa juu ya pakiti. Kwa muda wa miaka mingi mama akamfundisha binti yake maelezo hayo. Biskuti zile ziliachwa kutengenezwa mwaka 2023, na wapenzi wake wakasikitika sana. Lakini keki haikufa pamoja nazo. Wengine huoka biskuti zao wenyewe. Wengine hutumia biskuti mbili zilizoshikamanishwa kwa utamu mweupe katikati, kama zile ziitwazo Oreo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1912.

Sasa tuone siri ya kazi hii. Kila mtu ajua kwamba biskuti iliyoachwa wazi wakati wa masika hulegea, wala hailii tena katika meno. Imekuwaje? Biskuti ilipookwa ilipotewa na maji yake karibu yote. Ikikutana na unyevu wa hewa, huunywa kama mchanga mkavu unywavyo mvua. Nyumbani twaihesabu hali hiyo kuwa hasara. Lakini aliyebuni keki hii aliigeuza hasara kuwa faida. Alipanga biskuti kavu, akapaka krimu katikati, akaziacha mahali pa baridi usiku kucha. Krimu nzito, ijapokuwa ina mafuta mengi, zaidi ya nusu yake ni maji. Maji hayo huingia katika biskuti polepole, unga wake ukalainika, sukari yake ikayeyuka. Asubuhi hutakuta biskuti tena, bali tabaka laini za keki. Kwa hiyo jibu la swali letu ni kwamba moto haukukosekana. Ulikwisha kufanya kazi yake katika tanuri la mwoka biskuti. Mpishi wa keki hii ameazima moto wa mtu mwingine, na yeye ameongeza baridi na saburi.

Vitu vitakiwavyo si vingi. Chukua krimu nusu lita, yaani yale mafuta mazito yapandayo juu ya maziwa mabichi yakitulia. Iwe nzito, yenye mafuta sehemu 35 katika 100 au zaidi, maana krimu nyepesi haiumuki. Chukua tena sukari iliyosagwa laini vijiko vikubwa 3, vanila kijiko kidogo 1, na biskuti nyembamba za kakao kadiri ya gramu 250. Tafuta na bati la mkate, pamoja na karatasi safi ya kupikia ya kutandika ndani.

Kwanza weka bakuli na chombo cha kupigia mayai mahali pa baridi kwa nusu saa. Usidharau jambo hili. Mafuta ya krimu yakiwa baridi huwa magumu kidogo, na unapoyapiga hushikana yakizunguka mapovu ya hewa, kama matofali yazungukavyo chumba. Yakiwa na joto huyeyuka, na nyumba ile haisimami.

Mimina krimu, uipige polepole, kisha upesi zaidi. Ikianza kuwa nzito, tia sukari na vanila. Inua chombo mara kwa mara uangalie. Krimu ikisimama kama kilima kidogo, ncha yake ikainama, acha hapo hapo. Sasa imekuwa karibu mara mbili ya kiasi chake cha kwanza. Ukiendelea kupiga, utaona chembechembe za manjano na maji yakitoka. Watu wa ng'ombe, wasukao maziwa katika kibuyu, hawahitaji kuambiwa ni nini: hiyo ni siagi, na siagi hairudi tena kuwa krimu.

Tandika karatasi katika bati. Paka krimu kidogo chini ili biskuti zisiteleze. Panga biskuti zikaribiane, na penye nafasi jaza vipande. Juu yake paka krimu unene wa nusu sentimita, usawazishe hata pembeni, maana biskuti isiyoguswa na krimu hubaki ngumu. Panga tena biskuti, paka tena krimu, na kuendelea hivyo tabaka nne au tano, krimu iwe ya mwisho. Kama biskuti zako ni zile nene zenye utamu katikati, zichovye upesi katika maziwa baridi yaliyo salama kabla ya kuzipanga, kwa kuwa mafuta ya katikati huzuia maji yasipite.

Funika bati, uliweke katika jokofu saa 8 hata 12. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Huja kila saa wakafungua, wakabonyeza kwa kidole, na mwisho wakakata mapema. Matokeo yake ni kwamba kisu hugonga biskuti ngumu, krimu ikafurika pembeni, na keki ikawa kama ukuta ulioanguka. Wazee walisema, mstahimilivu hula mbivu. Ukitaka kujua kama imeiva, choma kisu chembamba katikati. Kikipita bila kukwama, imekuwa tayari. Ndipo uipindue juu ya sahani, uondoe karatasi, na unyunyize makombo ya biskuti juu. Makombo hayo yatiwe wakati wa kula tu, nayo yatalia katika meno. Yakitiwa jana yatalegea kama wenzao.

Sasa twafika kwenye jambo la tatu, nasi twawaomba msikilize kwa makini. Mama apikaye uji huwasha moto, na moto huo humsamehe makosa mengi. Kama kijiko hakikuoshwa vema, au kama maziwa yalikuwa na vijidudu, uji ukitokota sana wengi wao hufa. Katika keki hii hakuna msamaha huo. Uchafu ulioingia saa ya kupiga krimu utakuwamo saa ya kula, nao waweza kuwa umezidi.

Kwa hiyo, kwanza, osha mikono kwa sabuni, na vyombo vyote uvioshe kwa maji ya moto. Pili, usitumie kamwe krimu mbichi. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, na homa ile iitwayo brusela, imwumizayo mtu viungo kwa majuma mengi. Maziwa husafishwa kwa joto la digrii 63 kwa nusu saa, au digrii 72 kwa sekunde 15. Krimu, kwa kuwa ina mafuta mengi, huongezewa digrii tatu: 66 kwa nusu saa, au 75 kwa sekunde 15. Mwenye ng'ombe wake aweza kufanya hivyo nyumbani akiwa na kipimajoto. Baadaye aipoze krimu upesi, na kuiweka katika baridi usiku kucha kabla ya kuipiga.

Tatu, fahamuni kwamba baridi si moto. Moto huua vijidudu. Baridi huwalaza tu. Jokofu liwe na digrii 4 au chini yake. Hata hapo wako vijidudu wachache, kama wale waitwao listeria, waendeleao kuongezeka polepole katika baridi, nao ni hatari hasa kwa wanawake wajawazito, kwa watoto wachanga na kwa wazee. Kwa sababu hiyo keki iliwe katika siku mbili au tatu. Ikitolewa mezani isikae zaidi ya saa 2, na mahali penye joto la kupita digrii 32, isipite saa 1. Tena msiitegemee pua. Chakula chaweza kuwa na harufu njema na ladha njema, na huku kimebeba ugonjwa. Pua si shahidi wa kutosha.

Pengine mtu ataniambia, "Sisi hatuna jokofu, je, mtungi wetu wa maji haufai?" Mtungi hupoza maji kwa sababu maji yatokayo katika vitundu vya udongo hukauka na kuondoka na joto. Ni chombo chema kwa maji ya kunywa, lakini hauwezi kufikia digrii 4, hivyo haufai kwa krimu. Aliye karibu na wauza samaki aweza kuwaiga: achukue sanduku lenye kuta nene zizuiazo joto, atie barafu nyingi, aweke keki katika chombo kilichofungwa sana ili maji ya barafu yasiingie, aongeze barafu kila inapopungua, na atie kipimajoto ndani. Hilo litakuwa sanduku la barafu kama lile la kale. Asiyeweza kupata hata hivyo, na angoje siku atakayoweza, au aoke keki ya moto. Si aibu kukosa keki; aibu ni kumwalika mgeni na kumpa maradhi.

Ninyi wanafunzi, keki hii yawafaa sana kwa kujifunza, kwa kuwa hakuna jiko la kuwaunguza. Mtajifunza humo habari ya joto na baridi, ya maji yanavyohama kutoka penye unyevu kwenda penye ukavu, na ya mafuta yanavyoshika hewa. Lakini mkumbuke kwamba urahisi wake umo mikononi tu. Katika keki ya motoni mpishi hugawana kazi na moto. Katika keki hii mikono yenu ndiyo moto, na usafi wenu ndio upishi. Mkiyashika hayo, mtakula nanyi mtafurahi, na waliokula kwenu watarudi tena.